Wikendi Nje ya Jiji na Marafiki: Kupanga Safari Fupi Hatua kwa Hatua

Safari ya siku mbili haina nafasi ya kujisahihisha. Katika likizo ya wiki tatu, siku moja ikiharibika zipo nyingine za kuifidia. Wikendi, saa nne zilizopotea njiani Jumamosi zimekwenda na hazirudi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na saa, hauanzi na mahali. Mahali pazuri pako pengi. Kinachoadimika kwa watu wa mjini ni muda wa kukaa na wale wanaowapenda bila mtu kuchungulia simu kuona saa ngapi, na karibu kila uamuzi ulio hapa chini una kazi hiyo: kuulinda muda huo.

Hatua ya 1: Hesabu saa kabla hujataja mahali

Mkiondoka Jumamosi saa 12 asubuhi na kurudi Jumapili saa 12 jioni, mna saa 36. Toa 8 za usingizi, zinabaki 28. Safari ikiwa ya saa tano kwenda na tano kurudi, zinabaki 18, na ndani yake mle, muoge, mpakie na kupakua mizigo. Safari ikiwa ya saa mbili kila upande, zinabaki 24. Saa hizo sita za tofauti ni mchana mzima mliouchoma kwa kuangalia kisogo cha aliyekaa mbele.

Kipimo ninachokitetea ni hiki: mkilala siku moja, njia ya kwenda isizidi saa mbili na nusu, mkilala siku mbili, isizidi saa nne. Hesabu kuanzia unapofunga mlango wa kwako hadi unapoweka begi chini kule mwendako. Yaani ingiza foleni ya kutoka jijini, kusubiri kivuko kama kipo, kujaza mafuta, na ule muda wa kuwapitia wenzako mmoja mmoja majumbani, ambao watu huusahau kila mara. Kumpitia mtu mmoja hula robo saa, na akiwa bado anatafuta chaja hula nusu. Kutaneni sehemu moja iliyo upande wa mji mnaotokea. Usidanganywe na kilomita pia: kilomita 60 za barabara ya vumbi yenye kona zinaweza kuwalia muda kuliko 150 za lami.

Suala la kuondoka Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri huwagawa watu, nami nina msimamo. Ijumaa inavutia kwa sababu inawapa siku ya ziada ya kulala huko. Lakini dereva aliyeamka saa 12 asubuhi kwenda kazini, ikigonga saa 5 usiku amekaa macho saa 17, na majaribio yameonyesha kwamba mtu wa hali hiyo hupungukiwa na wepesi wa kutenda hadi kufanana na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Nchi nyingi zimekiweka kiwango hicho kuwa mwisho wa kuruhusiwa kuendesha. Kwa hiyo ondokeni Ijumaa kama tu mtafika kabla ya saa 3 usiku. Vinginevyo laleni kwenu, muanze safari Jumamosi saa 11 alfajiri, barabara ikiwa bado tupu.

Pale ambapo mwendo ni mfupi, hata hivyo, kulala siku mbili kunalipa kuliko watu wanavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza ugenini upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi kuliko mwingine, ukiwa tayari kushtuka kwa sauti ngeni. Usiku wa pili hali hutulia. Anayelala siku moja tu hupata huo usiku mbaya na kurudi nao. Kama hamna namna, beba mto wako mwenyewe, na usipange jambo zito la Jumapili alfajiri.

Hatua ya 2: Muwe wangapi

Wanne hadi sita. Mtafiti Mwingereza Robin Dunbar na wenzake, walipochunguza mwaka 1995 jinsi watu wanavyozungumza wakiwa huru, waliona kwamba mazungumzo ya pamoja hayabebi zaidi ya watu wanne hivi. Wakizidi, kundi hupasuka na kuwa mazungumzo mawili. Watu sita wanaweza kupasuka tatu kwa tatu na kila mtu akawa na wa kuongea naye. Watano hugawanyika wawili na watatu, si vibaya, na wanaenea kwenye gari moja dogo. Wakifika kumi, hiyo si safari tena, ni shughuli, na inahitaji kamati.

Sababu nyingine ni ya hesabu. Marafiki wanne wana jozi 6 za watu wanaopaswa kuelewana. Wanane wana jozi 28, na kumi wana 45. Katika jozi 45 haikosekani moja yenye deni la zamani au neno lililosemwa mwaka jana.

Anayetaka kuja na mchumba wake, au na rafiki ambaye wengine hawamjui, aseme mapema kabla ya malazi kulipiwa. Na wapo watu wawili unaowapenda sana ambao hawapatani: usiwaweke nyumba moja kwa siku mbili ukitumaini upepo wa mbali utawapatanisha. Waalike kwa zamu.

Hatua ya 3: Pesa kwanza

Hapa ndipo urafiki unapoumizwa kimya kimya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rafiki mwenye kipato kidogo kuliko wenzake mara nyingi hatasema hana. Atasema ana kazi, ana mgeni, hajisikii vizuri. Mtaenda bila yeye, safari ya pili mtamwalika kwa mazoea, na ya tatu mtasahau kumwalika. Ili jambo hilo lisitokee, mwenye kuratibu amwandikie kila mtu faraghani, si kwenye kundi, swali hili: "Ukitoa kiasi gani kwa wikendi nzima, utarudi nyumbani bila wasiwasi?" Jibu la chini kabisa ndilo linakuwa dari la safari, na mratibu hasemi limetoka kwa nani. Wenye nacho wakitaka malazi ya juu zaidi, walipe tofauti yao wenyewe na wasiitaje tena mezani.

Mkishapata dari, tengeni sehemu ya kumi ya jumla kwa dharura: tairi, dawa, teksi ya usiku. Kisha kubalianeni kwa maandishi mambo yafuatayo, hata kama yanaonekana madogo.

Mwenye gari asichangie mafuta. Tairi zake zinalika, breki zake zinalika, na kulisafisha Jumatatu ni juu yake. Gari likiharibika kwa ubovu wake wa siku zote, ni lake. Likipasua tairi kwenye safari yenu, ni lenu wote.

Asiyekunywa pombe asilipie pombe. Wanywaji wawe na mfuko wao.

Vyumba havilingani. Mwenye kitanda kikubwa na bafu la ndani alipe zaidi ya anayelala kwenye godoro sebuleni. Njia rahisi: kila mtu aandike kwenye karatasi ni kiasi gani angelipa kwa chumba kile kizuri, aliyeandika kikubwa akichukue, na ile ziada ipunguze mchango wa wengine. Wapenzi wanaolala chumba kimoja ni watu wawili kwenye chakula na usafiri, wala wasihesabiwe mmoja.

Anayejitoa. Yupo katika kila kundi, tena mara nyingi ndiye aliyeshangilia zaidi siku wazo lilipotolewa. Dawa yake ni amana: jina linaingia kwenye orodha pale nusu ya mchango inapoingia kwa mhazini. Akijitoa kabla ya malazi kulipiwa anarudishiwa yote. Akijitoa baadaye anarudishiwa kile tu ambacho hakijatumika, au alete mtu wa kuziba nafasi yake ambaye kundi limemkubali. Akiwa amepata msiba au ugonjwa, rudisheni pesa yake bila kumwuliza maswali.

Hatua ya 4: Chagueni mahali ambapo mtu anapataka kweli

Mwaka 1974 Jerry Harvey, mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani, alisimulia kisa cha familia ya mkewe iliyokuwa imetulia nyumbani Coleman, Texas, kwenye joto la nyuzi 40. Baba mkwe akasema, twendeni Abilene tukale. Mke akakubali, Harvey akakubali, mama mkwe akakubali. Wakaendesha karibu kilomita 85 kwenda na nyingine 85 kurudi, kwenye vumbi, ndani ya gari lisilo na kiyoyozi, na chakula chenyewe kikawa kibaya. Waliporudi ikabainika kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda. Kila mtu alidhani wenzake wanataka. Hata baba mkwe alitoa wazo lile kwa kuwa alihisi wenzake wamechoka kukaa.

Marafiki hufanya hivyo kila wikendi. Penye wengi hapaharibiki neno, ila pale ambapo kila mmoja anasema kile anachodhani wenzake wanataka kusikia.

Wengine hukimbilia kura. Kura ya kunyoosha mikono nayo ina mtego, ambao mwanahisabati Mfaransa Condorcet aliueleza mwaka 1785. Chukua marafiki watatu. Wa kwanza anapenda bahari, kisha mlima, kisha ziwa. Wa pili mlima, kisha ziwa, kisha bahari. Wa tatu ziwa, kisha bahari, kisha mlima. Shindanisheni mbili mbili: bahari inaushinda mlima kwa kura mbili dhidi ya moja, mlima unalishinda ziwa, na ziwa linaishinda bahari. Mnazunguka pale pale hadi usiku wa manane, na si kwa sababu kuna mbishi.

Njia inayofanya kazi ni nyepesi. Mratibu aweke mezani sehemu tatu tu, zote zikiwa ndani ya saa na ndani ya dari la pesa. Kila mtu amtumie yeye peke yake majina ya sehemu zote ambazo angeenda kwa moyo mweupe, moja au mbili au zote tatu, pamoja na ile asiyoitaka kabisa na sababu yake. Sehemu iliyokubaliwa na wengi inashinda, mradi hakuna aliyeikataa kwa sababu nzito: anaogopa maji, goti halipandi mlima, ana pumu na kule kuna vumbi. Zikilingana, chagueni ya karibu. Mpewe siku moja ya kujibu, na asiyejibu amekubali.

Bado hamjui pa kuanzia kutafuta? Jiulizeni mnataka kufanya nini, si kuona nini. Kundi lililochoka kazini linahitaji baraza, kivuli na maji karibu, hata kama hakuna kivutio kinachojulikana ndani ya kilomita 20. Kundi la watu wanaokaa ofisini kutwa linaweza kutamani kutembea hadi miguu iume. Mji mdogo ulio kwenye njia ya treni mara nyingi ni chaguo bora kuliko ufukwe maarufu, kwa sababu hakuna anayelazimika kuendesha na maongezi yanaanzia kituoni.

Hatua ya 5: Gawaneni kazi

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Awepo mratibu mmoja anayeamua yale madogo: saa ya kuondoka, nani akae gari gani, mvua ikinyesha tufanye nini. Awepo mhazini, ambaye si yeye yule. Awepo wa chakula. Madereva wawe wawili kwa kila gari, hata kama safari ni fupi. Safari ijayo kazi zizunguke, la sivyo yule mpangaji wa siku zote atachoka, na siku atakayochoka kundi halitatoka tena.

Hatua ya 6: Malazi, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Picha za tangazo hupigwa siku nyumba ikiwa safi na jua likiwa upande wake. Piga simu, ongea na mtu, na umwombe akutumie video fupi ya leo akizunguka ndani. Mlaghai aliyeiba picha hawezi kukutumia video hiyo, na atakuja na visingizio. Usitume malipo yote mapema kwa mtu usiyemjua, na usikubali kuhamishiwa kwenye njia ya malipo ambayo haiwezi kurudisha pesa.

Uliza idadi ya vitanda, usiulize inalaza watu wangapi. "Watu sita" huweza kuwa vitanda viwili na kochi. Uliza kama maji yanatoka bombani siku zote, umeme ukikatika kuna nini, barabara ya mwisho inapitika mvua ikinyesha, kuna vyombo vya kupikia na gesi, madirisha yana nyavu za mbu, mtandao wa simu unashika. Uliza saa ya mwisho ya kuwasha muziki, kabla mwenye nyumba hajaja kugonga mlango.

Swali ambalo wengi hulisahau: Jumapili tunatakiwa kutoka saa ngapi? Nyumba inayowataka mtoke saa 4 asubuhi imewanyang'anya nusu ya siku ya pili, kwa sababu mtaamkia kupanga mabegi. Kama hakuna mgeni anayeingia jioni hiyo, wenye nyumba wengi hukubali mkae hadi saa 8 mchana kwa nyongeza ndogo, au hata bure ukiomba kwa adabu. Omba kabla ya kulipa.

Hatua ya 7: Mizigo

Begi moja kwa mtu, linalobebeka kwa mkono mmoja. Vitu vya pamoja viandikwe kwenye orodha moja na kila kimoja kiwe na jina la mbebaji, vinginevyo mtafika na vifungua chupa vitano bila kiberiti.

Angalieni mwinuko wa mwendako. Kila mkipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi 6.5 hivi, kwa hiyo mji wenye nyuzi 30 na kilima kilicho mita 1,500 juu yake vinatofautiana kwa karibu nyuzi 10, na usiku baridi huzidi. Shuka nzito na soksi hazichukui nafasi.

Vitu vinavyookoa wikendi ni vidogo: tochi ya kichwa, pawa benki iliyojaa, waya wa kuongeza umeme wenye matundu mengi (soketi huwa moja na simu sita), plasta na dawa ya maumivu na ya kuharisha, dawa ya mbu, pesa taslimu kidogo, ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kuondoka. Mwenye pumu, kisukari au mzio aweke dawa zake kwenye begi la mkononi na awaambie angalau wenzake wawili ziko wapi na zinatumikaje.

Muachieni mtu mmoja aliyebaki mjini jina la mahali, namba ya malazi, namba za magari na saa mnayotarajia kurudi.

Hatua ya 8: Njiani

Siku moja kabla, dereva apime upepo wa tairi zikiwa baridi, pamoja na ile ya akiba, na ahakikishe jeki ipo na spana inaingia kwenye nati. Gari lenye watu watano na mizigo linahitaji upepo tofauti na la mtu mmoja. Kiwango kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari.

Haraka hailipi. Kwenye kilomita 100, kwenda kwa kasi ya 100 badala ya 80 kunaokoa dakika 15 tu, na kwa malipo ya dakika hizo umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Simameni kila baada ya saa mbili kwa angalau dakika 15, mshuke wote. Dereva akianza kupiga miayo, kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio havimwamshi. Abadilishane na mwenzake, au aegeshe mahali salama, anywe kahawa na kulala dakika 15 hadi 20. Kahawa itaanza kufanya kazi anapoamka. Aliyekaa kiti cha mbele ana jukumu: hasinzii.

Kama ni magari mawili, msifukuzane kwa kuogopa kupotezana. Kubalianeni vituo, kila gari liende kwa mwendo wake, mkutane hapo.

Hatua ya 9: Mkiwa huko

Jambo kubwa moja kwa siku. Asubuhi ya Jumamosi mnafika, mnakula, mnalala kidogo; jambo kubwa la siku linakuwa mchana au jioni. Jumapili linakuwa asubuhi. Saa nyingine ziachwe wazi kabisa, bila ratiba, kwa sababu mazungumzo mliyoyafuata hayaji kwa miadi. Yanakuja saa 4 usiku watu wakiwa wamemaliza kuosha vyombo na hakuna anayewahi popote. Na mtu akitaka kulala au kusoma peke yake, aachwe. Hajachukia.

Chakula cha kwanza kipikwe nyumbani mjini na kubebwa, ili mkifika mle, msianze kutafuta soko. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja inatosha kukiharibu. Maji msiyoyaamini yachemsheni hadi yatokote dakika moja kamili, na dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000.

Mkitaka kupanda mlima au kutembea mbali, tumieni kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mpando wa mita 600 ni saa tatu kwa mtu mwenye mazoezi asiyepumzika. Nyie ni marafiki mnaoongea na kupiga picha, basi ongezeni nusu yake. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote atangulie, kundi lifuate mwendo wake. Akiachwa nyuma, kila mnapomsubiri ninyi mnapumzika na yeye hapumziki. Wekeni saa ya kugeuza kabla ya kuanza, na ikifika mgeuze hata kilele kikiwa kinaonekana. Karibu na ikweta giza huingia haraka baada ya jua kuzama, halikupi ile nusu saa ya kujitafutia njia.

Majini, muulizeni mwenyeji kabla ya kuingia: mkondo uko wapi, kina kinaanzia wapi, kuna wanyama gani. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mtu wa mjini huyapima kwa bwawa la kuogelea. Baharini ogopeni mkondo mwembamba unaorudisha maji kutoka ufukweni. Mara nyingi huonekana kama ujia mtulivu usio na mawimbi, ndiyo maana huvutia. Unaweza kufikia mita 2.4 kwa sekunde, kasi ambayo hata muogeleaji wa Olimpiki haishindi. Ukikukamata, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono kuomba msaada, ogelea sambamba na ufukwe hadi uuache, ndipo urudi nchi kavu. Aliyekunywa pombe asiingie majini, na hilo halina mjadala.

Na moto: jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema wala chumbani kuleta joto, hata mkaa ukiwa umebaki makaa mekundu tu. Hewa yake ya sumu, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na watu hufa usingizini wakidhani wamepata joto.

Hatua ya 10: Kurudi, na hesabu

Jiji zima hurudi Jumapili jioni. Ondokeni saa 8 mchana, au kuleni huko huko cha jioni mrudi saa 2 usiku foleni ikiwa imekatika, kama mwendo ni mfupi na dereva alipata usingizi mchana. Kati ya saa 10 na saa 1 ndiyo saa za kuepuka. Kabla ya kufunga mlango, watu wawili wapite kila chumba: chini ya vitanda, nyuma ya mlango wa bafu, kwenye soketi. Chaja ndizo zinazobaki. Takataka zenu zote zirudi nanyi kama hapana pa kuzitupa.

Hesabu zifanyike siku hiyo hiyo, kabla risiti hazijapotea. Jumlisha vyote vilivyolipwa kwa ajili ya wote, gawanya kwa idadi ya watu, kisha ona nani ametoa zaidi ya fungu lake na nani pungufu. Tuseme mko watano: mmoja amelipa 300 za nyumba, wa pili 150 za nauli, wa tatu 100 za chakula, wa nne 50 za viingilio, wa tano hajatoa kitu. Jumla ni 600, fungu ni 120. Wa kwanza anadai 180 na wa pili anadai 30. Wa tatu anadaiwa 20, wa nne 70, wa tano 120. Wa tano ampe wa kwanza 120. Wa nne ampe wa kwanza 60 na wa pili 10. Wa tatu ampe wa pili 20. Miamala minne, imekwisha. Watu wakiwa wangapi, malipo hayahitaji kuzidi idadi yao ukitoa mmoja, kwa hiyo hakuna haja ya kila mtu kumtumia kila mtu.

Dawa ya deni ni kulipa, na Jumapili usiku ndiyo siku ya kuinywa. Mhazini atume hesabu kwenye kundi ikiwa na kila kipengele, salio la dharura ambalo halikutumika lirudi kwa kila mtu au liwe amana ya safari ijayo kwa makubaliano ya wote, na mwenye gari apelekewe fedha ya kuliosha bila kuomba. Picha zikusanywe sehemu moja wiki hiyo hiyo, na kabla hujazitoa hadharani uliza waliomo. Si kila mtu alimwambia bosi wake, au mama yake, alikuwa wapi.

Kisha mratibu mpya apendekeze tarehe. Wiki sita hadi nane mbele huwafaa watu wengi wenye kazi: karibu kiasi cha kuitazamia, mbali kiasi cha kuchangia kidogo kidogo. Tarehe iandikwe kwenye kalenda za watu kabla mahali hapajatajwa.